Jinsi Tulivyompata Nyanya wa Nafula

Vijana wengi wanaopanda ngazi kuja kwangu hapa Malvern hudhani kazi ya kuwatafutia watu uraia ni kazi ya kujuana. Wanataka niwape namba ya simu ya mtu fulani ubalozini. Nawaambia ukweli: nilifanya kazi hiyo miaka kumi na mitatu, na mtu pekee niliyemjua katika balozi zote za nchi hii ni dada mmoja wa mapokezi, ambaye alinikumbuka kwa sababu ya vilemba vyangu. Hakuna mlango wa nyuma. Kuna karatasi, na kuna mtu anayejua karatasi gani inakosekana. Mtu huyo ndiye kazi yenyewe, na ukiifanya vizuri hutamwogopa afisa yeyote.

Mimi ni Godelive, mzaliwa wa Kalemie. Nilifika Johannesburg na diploma ya ualimu ambayo hakuna aliyetaka kuiona, nikasuka nywele miaka minne huku Jules Street, mpaka mteja mmoja aliponisikia nikimsomea jirani barua ya Kifaransa. Mteja huyo alikuwa Auntie Shireen, Mhindi wa Lenasia, mwenye biro, yaani ofisi ndogo, huko Doornfontein, ghorofa ya pili, juu ya karakana ya mafundi wa kutengeneza cherehani. Cherehani kubwa ikijaribiwa chini, kalamu zetu zilitembea juu ya meza. Auntie aliwahudumia watu wenye babu au bibi kutoka Ulaya: Waitaliano, Wagiriki, Wareno. Alihitaji mtu wa kumsomea vyeti vya Kibelgiji na vya Kifaransa. Nilianza na hivyo, nikaishia kuwa mtu wa mafaili ya Ayalandi.

Kwa nini Ayalandi? Kwa sababu sheria yao inamfikia mjukuu. Bibi yako akiwa amezaliwa katika kisiwa kile, kaskazini au kusini, mzazi wako tayari ni raia wao tangu azaliwe, hata kama hajui. Wewe mjukuu unaandikishwa katika daftari lao la waliozaliwa nje, na unakuwa raia kuanzia siku jina lako linapoingia mle. Shika maneno hayo vizuri, kuanzia siku ile. Si siku uliyotuma maombi, wala siku uliyozaliwa. Kwa hiyo mtoto wako atakayezaliwa baada ya siku hiyo naye ana haki. Aliyezaliwa kabla yake hana. Nimeona ndugu wa tumbo moja waliotenganishwa na kanuni hiyo.

Sikuzaliwa nikiyajua haya. Mwezi wangu wa kwanza kwa Auntie nilipewa cheti cha ndoa cha zamani sana, kimechoka, kimechanika kwenye mikunjo. Nikakionea huruma. Wakati wa chakula nikakipeleka kwenye duka la fotokopi Newtown, kikatiwa plastiki, kikatoka kinang'aa kama menyu ya mkahawa. Nilikiweka mezani kwa Auntie kwa fahari. Alikiangalia muda mrefu, akavua miwani.

"Gode," akasema, "afisa huwa anapapasa karatasi. Anatafuta mhuri uliobonyezwa kwa chuma. Sasa atapapasa nini?"

Tulilazimika kuomba cheti kingine kutoka mwanzo. Auntie hakunifukuza wala hakunipigia kelele, lakini kile cha plastiki alikibandika ukutani mbele ya kiti changu, kikakaa pale mwaka mzima. Kila mteja aliuliza ni cha nani, na kila mara ilinibidi nieleze. Basi na wewe usitie plastiki cheti cha mtu. Usikitoboe na stepla. Na ukikuta pini imeshikilia karatasi mbili kuukuu, usiibandue bila kuandika mahali kwamba ilikuwapo.

Nafula alikuja mwaka 2017, mwaka tuliokuwa na watu mpaka kwenye ngazi, kwa sababu Waingereza walikuwa wamepiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya na kila aliyekuwa na bibi wa Ayalandi alikumbuka ghafla kwamba anaye. Wengi walikuwa Wazungu wa vitongoji vya kaskazini. Kwa hiyo alipoingia mwanamke mweusi, mrefu, na mkoba wa chuo kikuu, mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni akamwelekeza kwa upole kwamba ofisi ya vibali vya kazi iko ghorofa ya tatu.

"Asante," Nafula akamwambia, "lakini nimekuja kwa ajili ya nyanya yangu."

Alinisalimia kwa Kiswahili cha Kenya aliposikia lafudhi yangu ya Kongo. Nilicheka kidogo moyoni, maana kwetu nyanya tunaipika. Alikuwa mwalimu wa takwimu kwenye kampasi ya chuo kikuu hapo hapo Doornfontein, mwenyeji wa Kitale, aliyeolewa na Mkenya mwenzake anayefanya kazi benki. Alifungua mkoba akatoa cheti kimoja tu, cha ndoa ya kanisani. Babu yake, Mwalimu Wekesa, alikwenda kusoma ualimu Ayalandi zamani, akarudi Kitale na mchumba, nesi aliyeitwa Delia Hanlon, wakafunga ndoa hukohuko. Wakapata mtoto mmoja, baba yake Nafula. Mtoto alipokuwa na miaka sita, Delia alirudi kwao. Hakuonekana tena.

"Mama Gode, niko na mimba ya wiki tisa," akasema. "Nimesoma sheria yao. Kama sitakuwa nimeandikishwa kabla mtoto azaliwe, yeye hatapata kitu. Ni kweli?"

"Ni kweli kabisa."

"Na inachukua muda gani?"

Hapa nisimame kidogo niwaambie kuhusu Meneer mmoja, kama mabwana wanavyoitwa kwa Kiafrikana; jina lake nalificha. Alikuja kwetu akiwa na fulana ya kijani, na majani matatu, nembo ya Ayalandi, yamechorwa kwenye mkono wake kwa wino usiotoka. Nilifungua faili lake nikaona mara moja kwamba babu yake alizaliwa Uingereza. Aliyezaliwa Ayalandi alikuwa baba wa babu. Njia haikuwapo. Lakini alikuwa na furaha nyingi mno, nami nikaona aibu, nikamwambia tutaangalia. Niliangalia wiki mbili kitu ambacho nilikuwa nimeshakiona. Katika wiki hizo mbili alikuwa ameshawaaga majirani. Auntie aliponiuliza nikamwambia nilitaka kumlindia moyo. Akasema, "Ulikuwa unalinda wa kwako." Nilimpigia Meneer simu mbele yake. Yule bwana akakata. Tangu siku hiyo mteja akiniuliza jambo gumu, nalijibu palepale akiwa amekaa kitini.

Kwa hiyo nilimwambia Nafula, "Kule kwenyewe inaweza kuchukua miezi sita. Ukileta barua ya daktari yenye tarehe ya kujifungua, huwa wanaharakisha. Lakini faili lazima liondoke hapa kabla mimba haijavuka mwezi wa tano. Nahitaji cheti cha kuzaliwa cha nyanya yako, cha ndoa hiki hapa, na cha kifo kama amekufa. Nahitaji cheti cha kuzaliwa cha baba yako, cha ndoa yake na kitambulisho chake. Halafu vya kwako."

"Vya kwangu ninavyo. Cha nyanya sijui. Cha baba kipo, nilikiona nikiwa mdogo, kwenye mkoba wake wa ngozi." Akaufunga mkoba wake. "Lakini hatanipa. Nimempigia jana. Amesema nisimtajie yule mwanamke."

Nikamwambia tuanze na aliyepotea, tutamfikia aliye Kitale baadaye.

Tulianza kwa kuomba Ayalandi cheti cha kuzaliwa cha Delia Hanlon. Zamani ungetuma barua ya posta ukasahau. Miaka hiyo tulikuwa tunaomba kwa mtandao na jibu linakuja kwa kurier, mtu wa kuleta vifurushi. Jibu lilikuja: hakuna Delia Hanlon kwa miaka hiyo. Nilimpelekea Auntie nikiwa nimeshindwa. Hata hakuinua kichwa.

"Tafuta Bridget."

"Bridget ni nani?"

"Delia ni Bridget. Kule kwao Bridget anaitwa Bridie, Biddy, Delia. Sijui kwa nini. Kama wewe, umebatizwa Godelive na Kongo yote inakuita Gode."

Bridget Hanlon walikuwa wengi kama akina Mwamba huko kwetu. Lakini cheti cha ndoa cha Kitale kilikuwa kimeandika jina la baba wa bibi harusi, Thomas Hanlon, mkulima, na tulikuwa na umri wake. Bridget mwenye baba Thomas, mkulima, wa umri ule, alikuwa mmoja tu. Wiki ya tatu cheti chake kilikuwa mezani kwangu, kimenyooka, bila plastiki.

Auntie akakiweka kando ya kile cha ndoa. "Sasa tuna wanawake wawili," akasema. "Bridget wa Ayalandi na Delia wa Kitale. Afisa atauliza nani kasema ni mmoja. Natumaini karatasi ya baba imeandika majina yote mawili. Bila hiyo, tutakwama."

Basi nikampigia Papa Simiyu, baba yake Nafula. Nilijitayarisha kwa hotuba nzuri. Alipokea kwa adabu, akaniuliza habari za Johannesburg na za watoto wangu, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "wewe unafanya kazi yako, sina ubaya na wewe. Binti yangu nampenda. Lakini mimi nililelewa na shangazi kwa sababu huyo mama alichoka na sisi, akaenda kutafuta maisha mengine. Sasa leo niende nipige magoti kwenye mlango wake, niombe mjukuu wangu apewe jina la nchi yake? Hapana. Mniwie radhi."

Sikubishana naye. Hilo nawafundisha pia: mtu akikukatalia karatasi, mara nyingi si karatasi anayokataa. Mpe nafasi, uendelee na zilizobaki.

Iliyobaki ilikuwa ya kifo. Kama alikuwa hai, angekuwa na miaka zaidi ya themanini, na tungehitaji kitambulisho chake, yaani tungehitaji kumpata yeye mwenyewe. Na hapa ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko lile la plastiki. Niliandika maombi ya kutafutiwa cheti cha kifo cha Bridget au Delia Hanlon, tangu mwaka alioondoka Kitale mpaka leo. Wiki nne zikapita. Majibu yalipokuja, yalikuwa ya akina Bridget Hanlon sita, na hakuna hata mmoja aliyefanana naye kwa umri. Mimba ya Nafula sasa ilikuwa imeingia wiki ya kumi na saba. Alikuwa anakuja wakati wa chakula, anakaa kwenye kiti cha wateja, anakula chapati yake, kisha anarudi darasani.

Auntie alichukua nakala ya maombi yangu akaisoma.

"Nani alikuambia aliacha jina la mume?"

"Familia. Walisema alikwenda kutafuta maisha mengine."

"Familia imesema aliondoka. Jina wewe ndiye uliyemvua."

Ni kweli. Hakuna aliyeniambia. Nilisikia hasira ya Papa Simiyu, nikaijaza kwenye fomu. Wiki nne za mwanamke mjamzito nilizitupa kwa sababu ya hadithi ambayo sikuiuliza maswali. Siku ileile nikaandika upya: Bridget Wekesa.

Jibu lilichukua wiki mbili. Nchi ile ina Hanlon kila kijiji, lakini katika vitabu vyao vyote vya waliokufa, Wekesa alikuwa mmoja.

Nilimpigia Nafula. Alikuja akiwa bado na vumbi la chaki mikononi, hakutaka kuketi. Nilimpa bahasha aifungue mwenyewe, maana ni bibi yake, si wangu. Alisoma, akarudia, kisha akanigeuzia karatasi.

"Mama Gode. Angalia mwaka."

Niliangalia. Delia alikuwa amekufa miezi kumi na moja baada ya kuondoka Kitale. Hospitali ya wilaya kwao, ugonjwa wa figo. Umri miaka thelathini na tatu.

"Alikwenda kutibiwa," Nafula akasema taratibu. "Au alikwenda kwa jambo lingine akaugua hukohuko. Lakini hakwenda kokote kutafuta maisha. Hakuwa na hayo maisha."

Alimpigia baba yake palepale, akaweka simu juu ya meza ili sote tusikie. Alianza kusoma, akaacha, akanisukumia karatasi. Kwa hiyo ni mimi niliyemsomea Papa Simiyu kifo cha mama yake, katikati ya mchana, mafundi wa chini wakijaribu cherehani.

"Jina, Bridget Wekesa," nikasoma. "Hali, ameolewa. Umri, thelathini na tatu. Kazi..." Nikasimama, maana neno hilo nilikuwa sijalitilia maanani. Kwenye vyeti vyao vya zamani mwanamke aliyeolewa mara nyingi aliandikwa kwa kazi ya mumewe. "Kazi, mke wa mwalimu."

"Soma tena tarehe," Papa Simiyu akasema.

Nikasoma.

"Aliondoka mwezi wa pili. Nilikuwa nimeanza darasa la kwanza." Tulimsikia akivuta pumzi. "Baba alimwandikia barua mpaka nikafika darasa la tano. Mimi ndiye nilikuwa napeleka posta. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Siku moja akaniambia, usipeleke tena, na tangu siku hiyo hakulitaja jina lake mpaka akafa. Kumbe tulikuwa tunamwandikia nani?"

Kwa nini watu wa kwao Delia hawakujibu barua hata moja, karatasi haisemi, nami nimejizoeza kutosema zaidi ya karatasi. Nilimwambia tu, "Papa, pole sana. Pole kwa msiba."

Akasema asante. Ulikuwa msiba kweli, ingawa mwenye kufiwa alikuwa na mvi. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeamka, "Hiyo karatasi yangu mnaihitaji lini?"

"Jana," nikasema. "Mtu wa kurier anaweza kuichukua hapo Kitale."

"Hapana. Hiyo siwezi kumpa mtu. Naileta."

Alifika wiki iliyofuata, kwa suti ya kahawia na mkoba wa ngozi. Alikuwa mrefu kama binti yake. Alisalimiana na kila mtu kwenye foleni, mmoja mmoja, kama yuko harusini, mpaka Auntie akaniuliza kama anagombea ubunge. Alipoketi akafungua mkoba, akaweka mezani cheti cha ndoa na kitambulisho chake, kisha akatoa bahasha ndani ya bahasha ndani ya mfuko wa plastiki. Cheti chake cha kuzaliwa. Mzee huyu aliyekataa kutajiwa mama yake alikuwa amekitunza kuliko vyeti vyote nilivyowahi kushika.

Tukainama sote. Kwenye mstari wa mama kulikuwa kumeandikwa kwa mkono mzuri: Bridget Delia Wekesa, zamani Hanlon.

Auntie Shireen, ambaye sikuwahi kumwona akimgusa mteja, alimpigapiga Papa Simiyu begani. "Wanawake wawili wamekuwa mmoja," akasema, nami nikamweleza maana yake.

"Itarudi?" Papa akauliza, kidole bado kiko juu ya cheti. "Maana ndiyo peke yake."

"Itarudi," nikamwambia. Nilijua itarudi. Nilimweleza kila meza ambayo karatasi ile ingepitia, mpaka akaondoa kidole.

Msifikiri mambo mazito yakiisha yale mepesi yanajipanga yenyewe. Picha za Nafula zilipaswa kusainiwa nyuma na shahidi anayemfahamu, na alimchagua mchungaji wa ibada yao ya Kiswahili. Nilimweleza Nafula, Nafula akamweleza mchungaji, na mchungaji, kwa upendo wote, akasaini mbele. Saini ilipita shingoni, mhuri wa kanisa ukakaa kwenye paji la uso, na pembeni akaongeza, Bwana akutangulie. Picha nne zote. Eish, tulicheka mpaka Nafula akashika tumbo. Tulipiga nyingine siku hiyohiyo, na safari hii nilikwenda mwenyewe kanisani, nikasimama kando ya mchungaji na kumwonyesha kwa kidole mahali pa kuandika. Mkitaka mashahidi wasikosee, msiwatumie maelekezo. Nendeni.

Faili liliondoka mimba ikiwa na wiki ishirini na moja. Barua ya daktari niliiweka juu kabisa, na tarehe ya kujifungua nikaipigia mstari kwa rula. Baada ya hapo hakuna cha kufanya ila kungoja, na kungoja nako ni ujuzi. Mteja atakupigia kila siku. Usimwambie usijali. Mwambie jambo unalolijua. Mimi nilimwambia Nafula, kila Jumatatu, faili limepokelewa, halina pengo, nimelihesabu mara tatu. Hiyo ilimtosha mpaka Jumatatu nyingine. Mimi mwenyewe sikutetereka. Nilikuwa nimeona mafaili mengi yenye mashimo, na lile halikuwa na shimo.

Wiki ya thelathini na nane, Alhamisi, kurier alipanda ngazi. Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti cha kuandikishwa kwa Nafula, pamoja na vyeti vyote vya asili, cha Papa Simiyu kikiwa juu. Nilipompigia alikuwa anasahihisha mitihani.

"Tarehe gani imeandikwa?" akauliza kabla ya salamu.

"Jumatatu iliyopita. Na wewe uko vipi?"

"Bado niko na tumbo, Mama Gode. Bado liko hapa." Akaanza kulia na kucheka pamoja. Mtoto wa kike alizaliwa siku tisa baadaye. Wanaishi hapa hapa Johannesburg mpaka leo. Nafula hakuwa na haraka ya kwenda kokote. Aliniambia alitaka tu mtoto asiishi maisha yake yote akingoja kibali kifanywe upya, na sisi tuliopanga foleni hizo tunamwelewa.

Papa Simiyu alikuja kumwona mjukuu, akapita ofisini kuchukua cheti chake. Nilimkalisha nikamwambia jambo ambalo katika haraka zote zile hatukuwahi kumweleza vizuri.

"Papa, binti yako alilazimika kuandikishwa. Wewe hapana. Mama yako alizaliwa kule, kwa hiyo wewe ni raia wao tangu siku uliyozaliwa. Ukitaka pasipoti unaomba tu."

"Tangu nizaliwe?"

"Kabla hujaanza darasa la kwanza."

Alitikisa kichwa muda mrefu. Mwaka uliofuata aliniandikia ujumbe kwamba pasipoti imetoka, na kwamba anasafiri. Alikwenda peke yake, akatafuta makaburi ya kijiji kilichoandikwa kwenye cheti, na kasisi wa pale akamwonyesha kwenye daftari mahali alipolazwa Bridget. Kulikuwa na nyasi tu. Wazazi wake walikuwa na jiwe hatua chache kutoka hapo. Yeye hakuwa nalo.

Mwaka 2019, wiki yangu ya mwisho kazini, Auntie ameshaniagizia keki, simu yangu ililia. Alikuwa Papa Simiyu, akiwa kwenye safari yake ya pili kule, ya kumwekea mama yake jiwe. Alinitumia picha ya karatasi ya fundi wa mawe, yenye maneno yatakayochongwa, na chini yake ameandika: Mama, wewe umezoea, niangalizie kabla hajaanza.

Nilivaa miwani. Nikasoma herufi moja moja, kwa kidole, kama nilivyosoma kila cheti. Bridget lilikuwa sawa. Delia sawa. Miaka sawa. Mke wa Mwalimu, Mama wa Simiyu, hayo yaliandikwa kwa Kiswahili na yote yalikuwa sawa. Lakini jina la mwisho fundi alikuwa ameandika Wakesa.

Nikamjibu: Papa, herufi ya pili ni e. Mwambie asiguse jiwe kwanza.

Jibu lilikuja baada ya nusu saa. "Nimemwambia. Anasema anisamehe, hajawahi kuandika jina hili maishani mwake. Nimemwambia ataliandika mara moja tu, kwa hiyo aliandike vizuri."